Siku ya wazi ya chuo kikuu: mwongozo kwa vijana wa Unguja na Pemba, na wazee wao

Kwa kijana wa Konde, Pemba, kwenda kuangalia chuo Tunguu, Unguja, si safari ya kutoka asubuhi na kurudi adhuhuri. Ni gari mpaka Chake, gari nyengine mpaka Mkoani, boti mpaka Malindi, kulala kwa khalati au kwa rafiki wa baba, kisha kurudi kwa njia ileile. Mzazi ametoa pesa ambazo zingenunua mchele wa nyumba nzima. Kijana anarudi na mfuko wa vipeperushi, kalamu mbili na picha za majengo kwenye simu. Namuuliza: ada ya mwaka wa kwanza ni shilingi ngapi? Hajui. Programu yako inafundishwa kampasi gani? Hajui. Nimesomesha kidato cha tano na cha sita Pemba kwa miaka mingi, na hili linaniuma kila mwaka, kwa sababu najua wengi wao hawatapata safari ya pili.

Siku ya wazi ni siku ambayo chuo hufungua milango kwa wanaotaka kuomba: wahadhiri hukaa mezani, maabara hufunguliwa, wanafunzi huwatembeza wageni. Siku hiyo chuo kimepiga deki, kimevaa nguo ya Idi. Hakuna ubaya wowote katika hilo, hata sisi mgeni akija tunafagia ua. Ila wewe umekwenda kutafuta majibu ya mambo manne: nitapokelewa? Nani atalipa? Nitafundishwa nini hasa, na kwa vifaa gani? Nitaishi wapi na nitafikaje darasani? Ukirudi na majibu hayo yameandikwa daftarini, safari imelipa, hata kama hukupiga picha moja.

Jua kwanza unakwenda kwenye kitu gani

Kuna mambo matatu ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni maonesho ya elimu ya juu, ambapo vyuo vingi huweka mabanda katika uwanja mmoja. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, huandaa maonesho yake Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, aghalabu mwezi wa Julai. Unguja nako maonesho ya elimu ya juu yamekuwa yakifanyika viwanja vya Maisara. La pili ni siku ya wazi ya chuo chenyewe, ndani ya eneo lake. La tatu ni ziara ya kawaida, siku ya kazi, masomo yakiendelea.

Maonesho yanafaa kuchujia. Kwa siku moja unaweza kuzungumza na vyuo kumi, ukaondoa saba. Lakini bandani huoni maabara wala dakhalia, yaani bweni, wala huoni foleni ya asubuhi kwenye ofisi ya malipo. Siku ya wazi inafaa kwa vile viwili au vitatu vilivyobaki. Na kama unakaa Unguja, maoni yangu ni kuwa ziara ya kawaida ndiyo inayosema kweli zaidi kuliko zote. Panda gari Jumanne, fika saa mbili asubuhi, kaa chini ya mti ulipo mkahawa wa wanafunzi, sikiliza wanalalamikia nini.

Si kila chuo hutangaza siku ya wazi kila mwaka. Kikikosa, skuli yako inaweza kuomba ziara: mwalimu mkuu aandike barua kwa Msajili wa chuo, ataje idadi ya wanafunzi, tahsusi zao, yaani mchanganyiko wa masomo waliyosoma, na tarehe mbili za kuchagua. Barua ya skuli hufungua milango ambayo kijana mmoja mmoja hufungiwa na mlinzi getini.

Vyuo vya kuanzia hapa nyumbani ni hivi. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kiliundwa kwa sheria ya 1999 na kuanza kufundisha 2001. Chuo Kikuu cha Zanzibar kipo Tunguu, ni cha binafsi, cha tangu 1998. Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Abdulrahman Al-Sumait kipo Chukwani, nacho chimbuko lake ni chuo cha ualimu cha 1998. Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere kina kampasi Bububu. Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia ipo Mbweni, kwa wanaopenda ufundi. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ipo Buyu, na anayetaka uvuvi, mwani au utafiti wa bahari asikose kuiangalia. Tangu 2023 ipo pia kampasi ya IIT Madras, taasisi ya teknolojia ya India, iliyoanzia Bweleo na shahada ya sayansi ya data na akili mnemba. Hiyo ina mtihani wake wa kuingilia na usaili, kwa hiyo usiende ukidhani matokeo ya kidato cha sita peke yake yatakutosha.

Wiki mbili kabla: jipime kwa hesabu

Hapa ndipo siku inapofaulu au kupotea. Pakua mwongozo wa udahili wa TCU kutoka tovuti yao. Upo wa waliomaliza kidato cha sita na upo wa wenye stashahada, basi angalia usichukue usiokuhusu. Kila programu ya kila chuo imeandikwa humo: sifa za kuingilia, miaka ya masomo na idadi ya nafasi. Idadi ya nafasi watu huiruka, nayo ni muhimu. Programu ya nafasi 40 na programu ya nafasi 300 hazishindaniwi sawa.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kiwango cha chini cha jumla cha kuingia shahada ya kwanza kwa aliyemaliza kidato cha sita miaka hii ni kufaulu masomo mawili ya msingi yanayotakiwa na programu, na jumla ya pointi zake isipungue 4. D mbili zinatosha, C na E zinatosha, D na E hazitoshi. Mwenye stashahada kwa jumla hutakiwa GPA, yaani wastani wa alama zake, isiyopungua 3.0. Lakini hicho ni kizingiti cha nje tu. Programu nyingi zina kizingiti cha ndani: udaktari, kwa mfano, hutaka Fizikia, Kemia na Baiolojia zote tatu, na mwenye A mbili bila ya Fizikia haingii. Baadhi hurudi nyuma mpaka cheti cha kidato cha nne kuangalia Hisabati au Kiingereza.

Kama matokeo hayajatoka, andika safu tatu daftarini: nikipata vizuri, nikipata ya kati, nikipata ya chini. Kila safu iwe na programu moja au mbili. Mtihani hufanywa Mei na matokeo hutoka Julai, kwa hiyo wengi wenu mtatembelea vyuo bila ya kujua mmepata nini. Ukienda na safu moja tu, ile ya ndoto, matokeo yakija tofauti utakuwa hujauliza chochote kuhusu safu utakayoangukia. Nimewaona wanaolia Julai si kwa sababu wamefeli, bali kwa sababu hawakuwa na la pili mkononi.

Kisha chagua programu tatu, zisizidi. Mwenye kutaka kuangalia kumi hataangalia hata moja vizuri.

Cha kubeba

Daftari moja na kalamu. Nakala za vyeti: cha kidato cha nne, cha kuzaliwa, na matokeo ya kidato cha sita kama yametoka. Nakala, si vyeti halisi, kwa sababu umati ni umati. Simu iliyojaa chaji. Maji. Viatu vya kutembelea, kwani kampasi ya Tunguu si ya kuzunguka kwa viatu vipya. Vaa kama unayekwenda kwa wakwe: nadhifu, heshima, si mapambo.

Safari, hasa kwa wa Pemba

Boti kati ya Mkoani na Malindi hazitoki kila saa, na Julai ni kusi. Upepo ukikaza, ratiba huchelewa na abiria hufika wamechoka kwa kutapika. Fika Unguja siku moja kabla, ulale, uamke na akili yako. Anayeshuka botini akapanda daladala moja kwa moja mpaka Tunguu hufika saa tano, wahadhiri wameshachoka na karatasi za ada zimekwisha.

Kabla hujafunga safari, piga simu chuoni uulize mambo mawili tu: tarehe haijabadilika, na programu ninazozitaka zitakuwa na mwakilishi wapi? Swali la pili ni zito zaidi kuliko linavyoonekana.

SUZA ina kampasi kuu Tunguu, lakini pia Vuga, Beit-el-Ras pale Nkrumah, Maruhubi kunakofundishwa mambo ya utalii, Mbweni kwa afya, Chwaka kwa biashara, na Pemba ipo kampasi ya Benjamin Mkapa, Mchangamdogo. Chwaka ni pwani ya mashariki na Maruhubi ni nje kidogo ya mji. Anayepanga chumba karibu na moja akasoma katika nyengine atakuwa anaishi ndani ya daladala. Mwanafunzi wangu mmoja, chuo sikitaji, alizungushwa kampasi nzuri siku ya wazi, akaipenda, akalipia chumba jirani. Wiki ya usajili akaambiwa idara yake imehamia kwengine. Hakuna aliyemdanganya, hakuuliza tu. Kwa hiyo uliza hivi hivi: mwaka wa kwanza nitasoma wapi, mwaka wa pili wapi, na kuna mpango wowote wa kuhama?

Ukifika: mpango wa asubuhi

Wengi huanza na hotuba ya ufunguzi, kisha wote wakaelekea kwenye meza moja kwa wakati mmoja. Wewe ukifika mapema, nenda kwanza kwenye meza ya idara yako kabla ya hotuba. Mhadhiri wa saa mbili na nusu bado ana subira, atakueleza kwa kituo. Hotuba utaikuta bado inaendelea.

Jitambulishe kwa adabu zetu na kwa ufupi: "Asalamu alaykum, shikamoo mwalimu. Naitwa fulani, natoka skuli fulani, nimesoma Historia, Kiswahili na Jiografia. Nina maswali matatu kuhusu programu yenu." Mhadhiri akisikia tahsusi na akisikia idadi ya maswali, atakaa sawa kukujibu. Anayeuliza "chuo chenu kinatoa nini?" hupewa kipeperushi.

Baada ya idara nenda ofisi ya fedha au meza ya udahili, kabla foleni haijawa ndefu. Ziara ya majengo iache mpaka baada ya saa nne. Majengo hayaishi.

Mihadhara ya mfano ikiwepo, ingia hata kama mada si yako. Vyuo vikuu vyetu hufundisha kwa Kiingereza, isipokuwa masomo ya Kiswahili na ya lugha nyengine. Kaa nusu saa ujipime: nafuata, au naelea? Kama unaelea si sababu ya kukata tamaa, ni sababu ya kutumia miezi iliyobaki kusoma magazeti na vitabu vya Kiingereza kila siku, na kuuliza kama chuo kina kozi ya stadi za mawasiliano mwaka wa kwanza.

Maswali, na nani wa kuulizwa

Siri yangu katika jambo hili ni moja: swali lilelile waulize watu watatu. Mhadhiri, mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu, na karani wa ofisi inayohusika. Majibu yakifanana, andika na uweke tiki. Yakipishana, hapo pana jambo, rudi ukaulize tena.

Chukua mfano wa mafunzo kwa vitendo. Mhadhiri atakwambia wanafunzi hupelekwa kazini wiki kadhaa kila mwaka. Mwanafunzi atakwambia kama hupelekwa au hujitafutia wenyewe, na kama aliyekosa nafasi Unguja alilazimika kwenda Dar kwa gharama zake. Karani atakwambia kama kuna pesa ya kujikimu na hutoka lini. Mambo matatu, na ukweli ni mchanganyiko wa yote.

Kwa mhadhiri uliza yanayohusu elimu yenyewe. Mwaka wa kwanza tunasoma masomo gani? Darasa lina watu wangapi? Alama za kazi za ndani ni asilimia ngapi na mtihani wa mwisho asilimia ngapi? Wangapi huanza na wangapi humaliza kwa wakati? Walimu wa kudumu wa idara ni wangapi? Waliohitimu mwaka juzi wako wapi sasa? Kwa hili la mwisho mtazame na uso anapojibu. Idara inayowajua wahitimu wake hukutajia kazi na taasisi papo hapo. Isiyowajua hukwambia soko ni pana.

Kama programu yako inaongoza kwenye taaluma yenye bodi, usiondoke bila ya kuuliza kuhusu bodi. Wa uhandisi aulize usajili wa ERB, bodi ya usajili wa wahandisi. Wa uhasibu aulize kama wahitimu husamehewa karatasi zozote za mtihani wa NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, na ngapi. Wa uuguzi, maabara na udaktari aulize hospitali watakayojifunzia na baraza litakalowasajili. Udaktari ni miaka mitano, kisha mwaka wa mafunzo kazini. Mjulishe mzee mapema asije akahesabu mitatu. Na kwa programu yoyote ile hakikisha jina lake, neno kwa neno, limo katika mwongozo wa TCU wa mwaka huu. Mtu akikwambia "ithibati iko njiani", yaani programu bado haijakubaliwa rasmi, mshukuru, kisha uiweke programu hiyo pembeni mpaka ifike.

Kwa wanafunzi uliza yanayohusu maisha. Usimuulize kiongozi aliyevaa fulana ya chuo peke yake, kwani huyo amechaguliwa kwa sababu anakipenda chuo. Mtafute aliyekaa pembeni na daftari lake. Wa Pemba mwenzako utamjua kwa lafudhi, msalimie, atakueleza yote:

– Matokeo ya muhula hutoka baada ya muda gani?
– Mwalimu akikosa kuja hutoa taarifa, au mnasubiri?
– Maktaba hufungwa saa ngapi, na intaneti inafika mpaka wapi?
– Sahani ya wali hapa ni shilingi ngapi, na mwisho wa mwezi mnakula nini?
– Ungeanza upya, ungechagua programu hiihii?

Swali la mwisho mpe muda. Mwache afikiri. Jibu la pole pole ndilo jibu.

Fedha: hapa kaa sana

Karatasi ya ada iombe kwa maandishi, yenye mhuri kama inawezekana. Ukiambiwa "ada ni kiasi hiki", uliza na visivyotajwa: usajili, mitihani, kitambulisho, bima ya afya, serikali ya wanafunzi, udhibiti wa ubora, mafunzo kwa vitendo, vifaa vya maabara, mahafali. Vikikusanywa vyote huwa si kidogo. Kisha uliza: nalipa kwa awamu ngapi, na nikichelewa awamu ya pili nazuiwa mtihani? Mvuvi na mkulima wa karafuu hawapati pesa kila tarehe 30, na chuo kinachoruhusu awamu nne kinaweza kumfaa mzee kuliko chuo chenye ada ndogo kinachotaka nusu siku ya kwanza.

Mikopo ina milango miwili. Ipo Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, na ipo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ya upande wa Muungano, HESLB. Bodi hizi zikiwa na meza siku hiyo, usizipite. Uliza vipaumbele vyao mwaka huu, kama programu yako imo, na kama aliyeomba huku anaruhusiwa kuomba na kule. Mkopo wa HESLB una vipande: chakula na malazi, ada, vitabu na viandikwa, mafunzo kwa vitendo, utafiti, vifaa maalumu. Mtu anaweza kupata kipande cha ada kisicholingana na ada ya chuo chake, na tofauti hulipa mwenyewe. Na ni deni: ukiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi mpaka liishe. Waliofanya vizuri zaidi tahsusi za sayansi waulizie pia Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023.

Jambo dogo linaloangusha watu wa huku kila mwaka ni cheti cha kuzaliwa. HESLB hutaka cheti kilichohakikiwa. Kwa aliyezaliwa Zanzibar uhakiki ni wa ZCSRA, Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, na kwa wa Tanzania Bara ni wa RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Ikiwa baba au mama amefariki, cheti cha kifo nacho huhakikiwa. Jina la kwenye cheti cha kuzaliwa lilingane na la cheti cha mtihani, herufi kwa herufi. "Khamis" na "Hamis" kwetu ni mtu mmoja. Kwenye mfumo wa kompyuta ni wawili. Lianze hili sasa hivi, usingoje dirisha la mikopo lifunguliwe.

Angalia kwa macho yako

Maabara: usiridhike na mashine zilizopangwa. Uliza ipi ilitumika wiki iliyopita na wanafunzi wangapi hugawana moja. Maktaba: vuta kitabu kimoja cha fani yako utazame mwaka wake. Vyoo: ingia. Chuo ambacho vyoo vyake havina maji siku ya wageni, siku ya kawaida itakuwaje? Hili hasa kwa wasichana, wala wasione haya kuliangalia. Mahali pa kusalia pa wanawake nako kuangaliwe, na nafasi ya kutilia udhu. Mwenye ulemavu azunguke mwenyewe kuona ngazi na njia, asitosheke na maneno kuwa chuo ni rafiki.

Dakhalia omba kuingia chumbani, si kusimama mlangoni. Uliza: nafasi za mwaka wa kwanza ni ngapi, hugawiwa kwa kufuata nini, na maji hutoka saa ngapi? Kuna chuo kimoja ambacho wanafunzi wangu waliambiwa "nafasi zipo", na kweli zilikuwepo, ila kwa wa mwaka wa tatu. Wakahangaika mjini wiki mbili. Ukikosa dakhalia, utapanga chumba, na wengi wa Tunguu hupanga Jumbi, Fuoni au Mwanakwerekwe. Kwa hiyo ukimaliza usirudi na gari la skuli moja kwa moja kama una ruhusa ya mzee: toka mpaka barabarani, subiri daladala kama utakavyosubiri baadaye, hesabu dakika, tazama taa za njiani. Kipindi cha mwisho kinaweza kumalizika karibu na magharibi.

Kwa mzazi anayefuatana na mwanawe

Mzee, kuja kwako ni jambo kubwa na kijana hatalisahau. Naomba mambo mawili. Mwache aulize mwenyewe kwenye meza ya idara. Ukisema badala yake, mhadhiri atazungumza na wewe, na atakayekaa darasani miaka mitatu ni yeye. Na wewe kamata upande wa fedha, dakhalia na usalama, maana huko swali la mzazi hujibiwa kwa uzito zaidi. Mkitofautiana, msibishane uwanjani. Binti akitaka uhandisi na wewe ukataka ualimu, zungukeni meza zote mbili, kisha mzungumze nyumbani mkiwa na karatasi mbele yenu.

Vyuo vya mbali

Vyuo vingi vya Uingereza na kwengineko hufanya siku za wazi kwa mtandao, na kuhudhuria ni bure. Angalia saa tu. Kikao cha saa nne asubuhi London ni saa sita mchana kwetu wakati wao wa kiangazi, na saa saba mchana wakati wao wa baridi. Tafuta intaneti ya uhakika, ingia mapema, andika swali lako kabla. Maswali ni yaleyale, ukiongeza viza, bima, na ada ya mwanafunzi wa kigeni, ambayo kwa kawaida ni mbali sana na ya mwenyeji.

Jioni ileile

Usilale bila ya kuandika. Kabla ya usingizi, botini au kwa khalati, gawa ukurasa kwa kila programu na ujibu yale mambo manne ya mwanzo. Palipo wazi, andika jina la ofisi ya kupigia. Kesho yake piga, kwa sababu ukiacha wiki ipite utasahau hata swali lilikuwa nini. Kisha mwoneshe mwalimu wako daftari, si vipeperushi.

Dirisha la udahili likifunguliwa, unaomba moja kwa moja kwenye mfumo wa chuo, mwenyewe. TCU imekuwa ikionya watu dhidi ya mawakala wanaojidai kuwaombea wengine. Hao huwachagulia programu wasizozitaka na hubaki na nywila zao. Kama huna kompyuta, nenda skuli au kwa anayejua, kaa naye bega kwa bega, lakini namba ya simu na nywila ziwe zako. Ukichaguliwa na zaidi ya chuo kimoja, utatumiwa msimbo kwa ujumbe wa simu ili uthibitishe kimoja tu kabla ya tarehe ya mwisho. Laini hiyo usiipoteze wala usimwazime mtu.

Ukishathibitisha, fungua tena daftari utafute namba ya yule mwanafunzi wa Pemba uliyekutana naye chini ya mti, umpigie siku hiyohiyo. Vyumba vya Jumbi na Tunguu huanza kutafutwa majina yakitoka tu, na yeye anajua ni nyumba gani ina maji.